Sanduku la Kimulimuli

Nilikwenda msibani kwa Mzee Maganga nikiwa na nia ya kuiba, na wala sikuificha. Maziko yalikuwa yamenipita, maana mvua ya Turiani ilikata barabara, nikafika Kihonda kesho yake wakati wanawake wameshakaa kwenye mikeka chini ya turubai na sufuria ya chai inazunguka. Nikasimama getini, khanga kichwani, nikapaza sauti yangu ya darasani ambayo kustaafu hakukuipunguza hata kidogo: "Wako wapi wapagazi wa nyumba hii? Mzigo wenu mkubwa umeondoka jana, nimekuja kubeba uliobaki!" Binti mmoja aliyekuwa na simu mkononi alinitazama kama mwendawazimu aliyekosea nyumba. Lakini kule ndani nilisikia kicheko cha Bi Mwajuma, mjane wa marehemu, kicheko cha mtu aliyelia mpaka sauti ikakauka. "Mwacheni apite," akasema. "Huyo ni mtani wetu. Nilikuwa najiuliza amekwama wapi." Mimi ni Mluguru, marehemu alikuwa Mnyamwezi, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu zao waliobeba mizigo ya misafara wakipita chini ya milima yetu kwenda pwani. Mtani ana haki zake msibani. Anasema maneno ambayo mwingine akiyasema atafukuzwa, anachukua kitu cha marehemu mbele ya macho ya watu, na wenye msiba wakikitaka wakikomboe kwa jogoo. Sharti ni moja tu: mtani hanuniwi. Ukimkasirikia umeliwa, na kile kitu kimekwenda moja kwa moja. Sharti hilo nililijua kwa machungu nikiwa kidato cha pili, na kitu nilichokifuata Kihonda kilikuwa kilekile kilichonifundisha, sanduku la bati lililojaa vijitabu vya katuni.

Mwaka ule nilikuwa nakaa mjini kwa Mjomba Krispini, aliyekuwa akileta mboga kutoka milimani na kuziuza sokoni. Chumba nilichopewa kilikuwa cha Skola na karoti. Skola ndiye mimi, Skolastika kwa cheti cha ubatizo, na karoti zilikuwa kwenye magunia yaliyopangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, kabichi zikiwa chini, na pembeni kitanda changu cha kamba. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi najiona nimelala chali na kijitabu usoni. Walau nilikuwa na chumba, wenzangu wengi walilala jikoni. Jioni Mjomba akirudi tulikula ugali na maharage yaliyoungwa nazi, naye akila huku anaongea na redio, anaibishia taarifa ya habari kana kwamba mtangazaji amekaa naye mezani. Mimi nilikula harakaharaka nikarudi kwa Kimulimuli wangu.

Sasa nieleze habari za huyo Kimulimuli, maana vijana wa leo hawamjui. Alikuwa shujaa wa katuni zilizochapwa kabla mimi sijajua kusoma, kwa hiyo hata wakati ule zilikuwa za zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mchana alikuwa fundi umeme anayebadilisha taa za barabarani katika mji mmoja wa pwani. Uovu ukitendeka, kifua chake kinawaka. Anaruka juu ya mapaa, anavunja milango ya chuma kwa bega, lakini hawezi kujificha hata kidogo, kwa sababu anawaka! Wezi wanamwona akiwa bado mtaa wa tatu. Mimi hilo ndilo lililonimaliza. Shujaa mwenye nguvu zote zile, na bado inabidi aje wazi, kila mtu akimwona. Nilivipata kwa Mama Zuhura, muuza karanga wa karibu na shule, ambaye alinunua makaratasi ya zamani kwa ajili ya kufungia karanga zake. Siku moja nilimaliza karanga nikaikunjua karatasi, nikakutana na mtu anayewaka kifua amening'inia kwenye nguzo ya simu. Nilirudi mbio. "Mama, karatasi hizi unazo nyingine?" Akaniambia karatasi ni karatasi, nikimletea za kwangu atanipa za kwake. Basi kila daftari lililojaa nchini kwetu, nadhani, lilipita mikononi mwangu mwaka ule. Niliomba madaftari ya darasa zima, ya watoto wa jirani, hata ya dada mmoja wa chuo aliyeshangaa ninataka nini na hesabu zake. Ukienda kwa Mama Zuhura wakati ule ulikula karanga zako ukisoma insha yangu juu ya umuhimu wa kilimo, na alama ya mwalimu juu yake.

Vijitabu sikuvitunza mjini, karoti zilileta unyevu na unyevu ulileta ukungu. Kila likizo nilivipandisha mlimani kwa Bibi, nikaviweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, mahali pakavu panaponuka moshi na tumbaku. Bibi hakujua kusoma, lakini mtu aliyempenda Kimulimuli kumzidi hakuwepo. Asubuhi kuna ukungu nje huoni hata mgomba wa jirani, sisi tumekaa jikoni, magimbi yako motoni, mimi nasoma, naye anamkaripia yule mtu wa kwenye picha: "Nyuma yako! We mjinga, nyuma yako!" Tulipofika toleo la saba, ambamo adui yake Bwana Giza anamtupa kisimani na kifua chake kinazimika kabisa, Bibi alikataa kula mpaka nilipomsomea ukurasa wa mwisho. Nilimsomea mara nyingi sana ukurasa ule, hadi ukalegea kwenye pini zake na ukawa unatoka wenyewe.

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya mwaka ule. Alikufa vizuri, kama wanavyosema watu, amelala nyumbani kwake, amekula, amesali. Sikulia kama nilivyodhani nitalia. Nililia siku ya kuanua tanga, na sababu ilikuwa nyingine. Siku hiyo wanawake wa ukoo walikaa kugawana vitu vya marehemu, na kwetu kila kilicho chini ya kitanda cha mtu ni chake. Hilo sikulifikiria hata mara moja nilipokuwa nasukuma sanduku langu kule chini! Nilikuwa jikoni nachambua mchele nikasikia kupitia ukuta wa fito sauti ya Mama Mdogo Febronia, mdogo wake mama, mwanamke mchapakazi asiyependa kitu kikae bure. "Vitenge achukue Anna. Jembe nachukua mimi. Na yale makaratasi ya sandukuni nayachukua pia, nikoroge uji wa unga niyabandike chumbani kwangu, upepo unapita kama hakuna ukuta." Mwingine akamwambia lakini yale ni ya Skola. "Yalikuwa chini ya kitanda cha mama," akajibu, na hapo neno likaisha. Ungo uliniponyoka, mchele ukamwagika. Kwenda kumbishia mama mdogo mbele ya ukoo mzima siku ya tanga, mtoto wa kike wa kidato cha pili? Hata leo nisingethubutu.

Nikiwa bado pale chini naokota mchele, nikasikia mtu anaamkia kwa Kinyamwezi, kwa kelele, uani. "Mwangaluka, nyie watu wa mguu mmoja mfupi!" Ndiye Mzee Maganga, wakati huo bado kijana wa makamo, mwembamba kama mlingoti wa bendera, mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya bara na rafiki wa Mjomba Krispini. Alipenda kusema Waluguru tumezaliwa na mguu mmoja mfupi kwa ajili ya kutembea ubavuni mwa mlima, na kwamba tukishuka mjini kwenye tambarare tunazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa kamba. Alikuwa amefika tangu asubuhi, amekaa na wanaume nyuma ya ule ukuta, amekula, amewatania wazee wote mpaka wamechoka. Sasa akapita katikati ya wanawake bila kuvua kofia yake ya reli, akainama chini ya kitanda cha Bibi, akatoka na sanduku langu begani. "Huyu bibi alisafiri bila tiketi miaka yote," akatangaza. "Nachukua mzigo wake. Anayeutaka alete jogoo!" Kila mtu akacheka. Mjomba Krispini akasema jogoo wake ana kazi nyingi kuliko kukomboa magazeti. Mama Mdogo Febronia naye akacheka, japo kwa meno tu, maana angefanya nini?

Mimi sikucheka. Nilitoka jikoni mbio, nikamshika mkono, nikamwita mwizi, nikamwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya waliofariki, nikalia mbele ya watu wote kamasi zinatoka. Yeye akaweka sanduku chini taratibu, akanyoosha kidole juu. "Amenuna," akasema. "Mashahidi mpo?" Wakaitikia wote kwa pamoja, wajomba, mama wadogo, hata katekista: "Tupo!" "Basi limekuwa langu, na jogoo silitaki tena." Akajitwika, akashuka nalo mlimani, huku mimi nagaagaa chini kama mtoto wa miaka mitatu. Bibi yangu mwenyewe hakupata machozi kama yale, Mungu anisamehe.

Nilimchukia mtu yule majuma mengi, na kwa sababu nilimchukia nilimfuata. Alikuwa akikaa kwenye nyumba za reli, chumba na sebule na ua wa pamoja na majirani, na Jumapili moja baada ya misa nilibisha hodi nikiwa nimejipanga. Nilikuwa nimeandaa matusi ya utani wiki nzima kitandani kati ya karoti. Alipofungua mlango nikasema kwa haraka kabla sijaogopa, "Shikamoo, mpagazi. Nimesikia siku hizi mnabeba hata mizigo ya maiti." Akageuka akamwita mkewe: "Mwajuma! Njoo umwone. Mguu mfupi umepata ulimi!" Ndivyo nilivyoingia nyumba ile. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, limefutwa vumbi, na vijitabu vimepangwa kwa namba, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Alikuwa ameshavisoma vyote. Zaidi ya hapo, alikuwa ameongeza matoleo mengine mawili aliyoyakuta yameachwa chini ya viti vya daraja la tatu. "Ni vyangu," akasema, "lakini mtani akija anasomewa." Bi Mwajuma alituwekea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa vya kwao Tabora, na karanga. Nikawatania kwamba Wanyamwezi hata viazi wanavipunguza uzito ili viwe vyepesi kubeba. Vilikuwa vitamu ajabu.

Nilikwenda kila Jumapili mwaka ule, na nathubutu kusema sikuwahi kuwa na raha kama ile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Mtoto wao Shabani alikuwa mchanga, nilimfunga mgongoni kwa khanga huku nasoma kwa sauti. Mzee Maganga alisoma maneno ya Bwana Giza kwa sauti nzito ya kutangaza vituo: "Sasa! Utakaa! Gizani! Milele!" Majirani wakasogea na vigoda vyao. Mtu aliyekuwa akikaanga samaki alisimamisha kukaanga. Tulipofika toleo la saba, kwenye kisima, tukageuza ukurasa tukakuta jalada. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Uwanja mzima ulinung'unika. Mzee Maganga alilipekua sanduku lote mpaka chini, uso wake umekunjamana kweli, hadi nikamwuliza kama amenuna. "Sijanuna," akasema. "Lakini huyu mtu anatokaje kisimani?" Nilikuwa naujua ukurasa ule kwa moyo. Nikaubana mdomo. Nikamwambia atajua siku atakaponirudishia sanduku. Akacheka, akaapa kwamba sanduku nitalipata siku yeye akifa na si kabla, nije tu mapema, maana kwao wanazikana haraka.

Mwisho wa mwaka nilipanda mlimani, na mvua ikanikimbiza nyumbani kwa Mama Mdogo Febronia. Akanikaribisha chumbani kwake pakavu. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa karatasi: kalenda za misheni, picha za mbegu za kabichi, mifuko ya saruji. Na pale juu ya kitanda, kichwa chini miguu juu, ulikuwa ukurasa wa mwisho wa toleo la saba. Ulidondoka siku ile sanduku lilipobebwa, akauokota, na Mama Mdogo hakuacha kitu kikae bure. Niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma nikausoma. Kisha nikatazama nafasi iliyobaki, ukuta hadi ukuta, nikaona vizuri kabisa jinsi chumba kile kingekuwa kama mambo yangekwenda alivyopanga yeye. Kimulimuli kila mahali, amegandishwa kwa uji, mende wanamla taratibu. Na nikakumbuka nani alikaa nyuma ya ule ukuta wa fito na wanaume, akisikia kila neno nililolisikia mimi jikoni. Hakuna Mluguru angeweza kumnyima Mama Mdogo urithi wake siku ile. Mtani tu ndiye angeweza. Na kama nisingenuna, Mjomba angelazimika siku moja kulikomboa, na likikombolewa linarudi ukoo, linarudi kwa nani? Kwa Febronia.

Jumapili iliyofuata nilimwuliza waziwazi kama alifanya makusudi. "Mimi?" akasema, macho yametoka. "Nililitaka sanduku. Bati zuri, kitasa kizuri. Hayo makaratasi yenu yalikuwemo tu." Hakukiri siku ile wala miaka yote iliyofuata, na mimi nilikoma kuuliza. Lakini nilimlipa. Nilisimama uani mbele ya vigoda vyote nikawasimulia ukurasa wa mwisho, mstari kwa mstari: jinsi watu wa mtaa wanavyotoka majumbani, kila mmoja na koroboi yake, wanazipanga kuzunguka mdomo wa kisima, na mwanga ule mdogomdogo unashuka chini mpaka kifua cha Kimulimuli kinashika moto tena. Bi Mwajuma alipiga vigelegele. Mzee Maganga alinifanya nirudie.

Baada ya hapo nilikwenda shule ya bweni, kisha ualimu, kisha Turiani na watoto wa watu maisha yangu yote. Kila nikipita mjini nilikwenda kumtukana. Miaka ya mwisho, baada ya wao kuhamia Kihonda, macho yake yalichoka, sanduku hatukulifungua tena, tulikaa barazani tunataniana tu mpaka chai inapoa. Kwa hiyo msibani nilipokunywa chai yangu niliinuka, nikaingia ndani, nikaliteremsha lile bati kutoka juu ya kabati. Shabani akanifuata mbio. Sasa ni mtu mzima, ana kitambi na biashara Dar es Salaam. "Mwalimu, samahani, hilo hapana. Kuna mtu wa nje ananipigia simu, wanakusanya vitabu vya zamani hivyo, nimeshamwahidi." Nikamwambia mimi nilimbeba mgongoni akaninyea mbele ya mkaanga samaki, kwa hiyo asinieleze habari za watu wa nje. Wanawake wakaangua kicheko. Akashika upande mmoja wa sanduku, uso umemvimba. "Hii si mizaha! Marehemu ni baba yangu! Kwa nini mnachezea vitu vyake?" Nikaliachia. Nikainua kidole juu. "Amenuna," nikasema. "Mashahidi mpo?" Kwa muda hakuna aliyejibu, na niliogopa kwamba watu wa kuitikia wameisha. Ndipo Bi Mwajuma, pale alipokaa kwenye mkeka wa eda yake, akaitikia, "Tupo," na wazee wakafuata mmoja mmoja. "Mwachie, Shabani," mama yake akasema. "Baba yako alilichukua hivyohivyo. Amekuwa akimsubiri huyu."

Nikaketi palepale nikafungua. Vilikuwa vimepangwa kwa namba. Nikatoa toleo la saba, nikaenda mwisho, mahali pasipokuwa na kitu, nikakuta karatasi. Imebanwa vizuri kwa pini, karatasi nene ya reli, na imechorwa kwa kalamu ya risasi na mkono usiojua kuchora, nyumba zimepinda, kisima kama sufuria. Watu wamezunguka na koroboi zao kama nilivyosimulia. Wote wamefanana, vichwa kama mayai, isipokuwa wawili wa mbele. Mmoja ni msichana mwenye sare ya shule, mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kabisa. Wa pili ni mwanamume mwembamba mwenye kofia, ana koroboi mkono mmoja, na kichwani amejitwika sanduku.

"Skola," Bi Mwajuma akaniita, akinichungulia. "Umenuna?"

Nilimwambia sijanuna, ni moshi wa jikoni kwao, hawajui kuchagua kuni. Nikafunga sanduku, nikajifuta uso kwa ncha ya khanga, nikamwambia Shabani anibebee mpaka barabarani, si ndiye Mnyamwezi? Alisimama pale kidogo, hajui acheke au aendelee kukasirika. Halafu akainama, akaliinua, akajitwika kichwani. Tulipofika getini akageuka, akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Polepole, Mwalimu," akasema. "Huku ni tambarare. Usije ukaanza kuzunguka."